Herufi u katika darasa la tatu

Mpango wa shule ya msingi nchini Kongo unataka mtoto aanze kufundishwa kwa lugha ya taifa, halafu Kifaransa kishike nafasi hiyo kuanzia darasa la tatu. Hapa Kisangani tunasikia Kiswahili na Lingala, na zote mbili huandika sauti u kwa herufi moja. Ninataka kuonyesha jambo moja tu linalompata mtoto anapovuka.

Kwa miaka miwili amesoma mtu, kuku, nyumba: u ni u popote. Kisha anakutana na neno la Kifaransa «lune». Anasoma lu-ne, silabi mbili, bila kusita. Wenzake wanacheka, mwalimu anaandika sifuri. Lakini mtoto huyo hakubahatisha. Ametumia kanuni aliyofundishwa. Hakuna aliyemwambia kwamba sauti yake ya u sasa inaandikwa «ou», kwamba u imebeba sauti mpya, na kwamba e ya mwisho haisomwi.

Mwaka 1979 Jim Cummins alieleza kwamba ujuzi uliojengwa katika lugha ya kwanza husaidia kujifunza ya pili. Naona msaada huo unahitaji daraja. Mwalimu aandike ubaoni kuku na «cou», yaani shingo, watoto wasikie sauti moja yenye maandishi mawili.

Sisi tutakaofundisha tutafute kwanza kanuni iliyo nyuma ya kosa, ndipo tutoe alama.