Dashibodi Haina Kiu

Pitisha kidole kwenye kioo cha mbele cha gari, upande wa ndani, kule chini kabisa ambako kitambaa hakifiki. Kama gari hushinda juani, kidole kitarudi na utando wa mafuta. Wengi hudhani ni moshi au vumbi. Sehemu kubwa ya utando huo imetoka kwenye dashibodi yenyewe.

Ili tuone ulivyotoka, tuanzie kwa fundi bomba. Bomba la maji la PVC halipindiki, ukililazimisha, linavunjika. Mpira wa kumwagilia bustani unakunjwa mpaka unatundikwa ukutani. Mara nyingi vitu hivi viwili ni plastiki ileile. Tofauti yake ni kilainishi, kimiminika kizito kinachochanganywa kiwandani. Waldo Semon, mkemia wa kampuni ya B.F. Goodrich huko Marekani, ndiye aliyeonyesha mwaka 1926 kwamba PVC ngumu inaweza kulainishwa hivyo ikanyumbulika kama mpira. Ngozi laini ya dashibodi nyingi ni PVC iliyolainishwa namna hiyo.

Plastiki ni molekuli ndefu mno, zimejazana kama tambi kwenye sufuria. Tambi zilizopoa bila mafuta hushikana zikawa bonge moja. Zitie mafuta, zinateleza. Kilainishi hufanya kazi hiyo: hukaa katikati ya minyororo hiyo ya molekuli na kuiacha isogee. Lakini hakikufungwa nayo kwa kifundo chochote cha kikemia. Kimejipenyeza tu, na kilichojipenyeza kinaweza kuondoka.

Kinachokifukuza ni joto. Mwanga wa jua unapita kwenye kioo, dashibodi nyeusi inaunyonya na kuugeuza joto, na hewa iliyofungiwa ndani haina pa kutokea. Mchana wa Dar es Salaam au Mombasa, uso wa dashibodi unaweza kupita nyuzijoto 70. Kilainishi hugeuka mvuke kidogo kidogo, kisha hutua kwenye kioo. Ngozi iliyokibeba inasinyaa, inakakamaa, na siku moja inapasuka.

Bonyeza dashibodi yako kwa kidole gumba. Ikibonyea, huenda ni ngozi ya PVC juu ya sponji. Ikiwa ngumu na inalia ukiigonga, yaelekea ni polipropilini, jamaa ya beseni na viti vya plastiki. Hiyo haitegemei kilainishi. Adui yake ni miale ya urujuanimno, ambayo hukata minyororo vipande vipande huku oksijeni ikidaka ncha zilizokatika. Umewahi kuegemea kiti cha plastiki kilichokaa uani miaka mingi, ukaondoka na unga mweupe mgongoni? Ndiyo hiyo. Kioo cha mbele kina karatasi ya plastiki katikati inayozuia sehemu kubwa ya miale hiyo, lakini vioo vya kawaida vya milango huipitisha kwa wingi zaidi.

Sasa ile chupa ya kung'arisha. Nyingi zina silikoni, ambayo hujaza mikwaruzo midogo ikaleta mng'ao. Haingii kati ya minyororo wala hairudishi kilainishi kilichokwenda zake. Mimi mng'ao huo siupendi: unamulika kwenye kioo machoni pa dereva na kuita vumbi. Mafuta ya nazi yatanuka. Petroli na thina ni balaa, maana huchomoa hata kilainishi kilichobaki.

Maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo yanatosha. Lowesha kitambaa laini, kikamue sana, futa, kausha. Ukitaka kinga, tafuta ya majimaji isiyong'aa, yenye kizuia urujuanimno, na uipulizie kwenye kitambaa, siyo kwenye vitufe na redio. Ila kinga kubwa ni kivuli. Hata khanga iliyotandazwa juu ya dashibodi inafaa, kwa sababu jua litaichoma khanga badala ya plastiki. Acha na vioo wazi kidogo, kama mahali ni salama.

Ufa ukishatokea hakuna dawa ya kupaka. Ngozi imekwisha sinyaa. Fundi anaweza kuuziba au kukushonea kava. Lakini paneli yenye herufi SRS usikubali iguswe kwa gundi wala kava: nyuma yake kuna mfuko wa hewa, na lazima paneli hiyo ifunguke kwa kufumba na kufumbua siku ya ajali.