Maudhi Baada ya Akupancha

Tangu mwaka 1968 madaktari kutoka Jimbo la Shandong, China, wamekuwa wakihudumu Tanzania Bara, Musoma ikiwa imewahi kuwa miongoni mwa vituo vyao. Hivyo akupancha, yaani tiba ya sindano nyembamba zisizo na dawa, si ngeni kwa baadhi ya wagonjwa wa Mara wenye maumivu sugu ya mgongo au goti.

Mkulima wa Mugeta anayerejea kutoka mjini baada ya tiba hiyo aweza kuona damu imevilia chini ya ngozi, kuhisi usingizi, au hata maumivu kuzidi kwa siku moja au mbili. Hayo hupita yenyewe. Apumzike, na jembe lisubiri; mahali palipochomwa pasikandwe kwa nguvu wala kupakwa dawa ya majani.

Lisilovumiliwa ni shida ya pumzi. Sindano iliyozama mno kifuani au karibu na bega yaweza kutoboa pafu, ingawa ni nadra sana. Kichomi cha ghafla na kuhema kwa taabu huweza kujitokeza saa kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa ameshafika kijijini. Huyo asidhani ni uchovu wa safari, wala asisubiri kupambazuke. Apelekwe hospitali, na aseme wazi kwamba alichomwa sindano, na wapi. Bila neno hilo kichomi hudhaniwa kirahisi kuwa nimonia.

Homa nayo ipimwe malaria kama kawaida, lakini ngozi ikaguliwe pia. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, hivyo uvimbe, joto na usaha ndivyo vya kutazamwa.