Mnada wa Wachora Komiki na Mfuko Wetu wa Ada



Ndugu zangu, somo la toleo hili nimelichukua mahali ambapo wengi hamkutarajia, kwa wachora komiki wa Marekani. Komiki ni hadithi za picha zilizopangwa kwenye visanduku, ambazo wengine wetu tumezoea kuziita vibonzo au katuni. Najua kuchora viumbe kuna mjadala wake wa fikihi, na anayetaka kuuingia anao masheikh wa kuwauliza. Mimi nataka tutazame jinsi watu wa kazi moja walivyosaidiana wakati wa dhiki kwa kutumia mtandao wa kijamii, na jinsi wengi wao walivyoanza baadaye kujiuliza kama mtandao huo ni mahali pa kuishi au ni njia ya kupita tu. Kwa sisi wenye mfuko wa ada unaotegemea kikundi cha WhatsApp, habari hii ni ya nyumbani kabisa.

Kwanza biashara yenyewe. Marekani kuna maduka madogo yanayoishi kwa kuuza komiki. Matoleo mapya huingia kila wiki, kwa desturi siku ya Jumatano, na wateja wa kudumu huwekewa nakala zao pembeni. Mwenye duka huagiza mapema, na nakala zikibaki kwa kawaida hazirudishwi: hasara ni yake. Kwa zaidi ya miaka 20 karibu komiki zote za makampuni makubwa zilipita kwa msambazaji mmoja, Diamond. Machi 2020, corona ilipoingia na miji kufungwa, Diamond ilitangaza kwamba kuanzia Aprili 1 haitasambaza matoleo mapya. Mzigo ulianza kutoka tena baada ya katikati ya Mei. Duka linaloishi kwa Jumatano likakaa wiki kadhaa bila Jumatano, na kodi ya pango haikusimama.

Waandishi na wachoraji walielewa mara moja kwamba duka likifa, na wao wamekosa pa kuuzia. Katikati ya Aprili 2020 waandishi Brian Michael Bendis, Sam Humphries, Kami Garcia na Gwenda Bond, pamoja na mchoraji Phil Jimenez, waliitisha mnada kwenye Twitter. Waliuita Creators 4 Comics. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi mno. Kila mchoraji alitangaza kitu chake kwenye ukurasa wake mwenyewe akiweka alama ya reli moja iliyokubaliwa na wote. Kuna aliyeuza mchoro wa asili, kuna aliyeuza kitabu chenye saini, na wengine waliuza muda wao, yaani mazungumzo na ushauri kwa mwandishi chipukizi. Wanaotaka walitaja dau lao hapo hapo chini ya tangazo. Siku ya kufunga, mwenye dau la juu alipeleka pesa kwenye mfuko wa hisani uitwao BINC, kisha akatumiwa kitu chake. Pesa hazikupita mikononi mwa mchoraji. Zilikusanywa laki kadhaa za dola. Wakati huo huo Jim Lee wa kampuni ya DC alikuwa akichora mchoro mmoja kwa siku kwa siku 60 na kuinadi michoro hiyo kwa ajili ya mfuko huo huo.

Huo BINC ndio unaonivutia kuliko mnada wenyewe. Ulianzishwa mwaka 1996 ndani ya kampuni ya maduka ya vitabu ya Borders, kuwasaidia wafanyakazi waliopatwa na maradhi, msiba au kushindwa kodi. Borders ilifilisika mwaka 2011 na maduka yake yote yakafungwa. Mfuko ukabaki, ukapanua mlango kwa wafanyakazi wa maduka mengine ya vitabu, na baadaye wa komiki. Kwa hiyo 2020 ilipofika, palikuwa na watu wenye uzoefu wa kupokea maombi kwa faragha, kuhakikisha shida ni ya kweli na kulipa. Twitter ilifanya kazi ya mpiga mbiu sokoni. Kazi nyingine zote zilifanywa na mfuko ambao hautegemei mtandao wowote.

Sasa tazameni jambo moja ambalo mtu anaweza kulipita haraka. Katika mnada ule wote, ni nani aliyeonekana? Ni mtoaji. Jina lake, mchoro wake na kipaji chake vyote vilikuwa hadharani. Mfanyakazi wa duka aliyeshindwa kulipa kodi hakuonekana popote. Hakuna aliyemwambia apige picha akiwa amekaa kwenye godoro, wala aliyeomba barua yake ya kufukuzwa nyumba isambazwe ili watu waamini.

Sisi tunafanya kinyume. Kila muhula, siku za mwisho za kujiandikisha kwa mitihani zinapokaribia, unaingia ujumbe kwenye kikundi: picha ya mwenzetu, jina lake kamili, kozi yake, namba yake ya usajili, na karatasi ya salio la ada iliyopigwa picha kwa simu. Namjua dada mmoja aliyesaidiwa hivyo. Ada ilipatikana, alhamdulillah, ndani ya siku nne. Ila ule ujumbe haukufutika siku ya nne. Ulikwenda kwenye vikundi vya vyuo vingine, ukafika kwao kijijini, na mwaka uliofuata mtu akautuma upya akidhani ni wa jana. Dada yule alijitoa kwenye kikundi. Hata darsa za Alhamisi akaacha kuja, na nilipomtembelea bwenini na wenzangu alituambia kwamba kila anayemtazama anahisi anaiona ile karatasi ya salio.

Waliousambaza ujumbe ule walikuwa na nia njema. Tatizo liko katika chombo. Mtandao wa kijamii huupandisha ujumbe unaomfanya mtu asimame, aandike maoni na kuusukuma kwa mwingine, na uso wa mtu mwenye shida hufanya hivyo kuliko maneno ya mweka hazina. Basi mwenye shida anajifunza kuongeza chumvi, na mtoaji anajifunza kutotoa mpaka aone machozi. Mnada wa wachora komiki uliigeuza hali hiyo: kilichowafanya watu wasimame ni mchoro mzuri.

Wanafunzi wa Hadithi watakuwa wameshakumbuka kisa cha mtu wa Answari aliyekwenda kwa Mtume (s.a.w.) kuomba, kilichopokewa kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.). Aliulizwa nyumbani ana nini. Alikuwa na tandiko na bakuli la kunywea maji. Vikaletwa, Mtume akavinadi, mmoja akataja dirhamu moja na mwingine akafika mbili. Ya kwanza ikawa chakula cha familia, ya pili ikanunua shoka, na yule mtu akaenda kukata kuni na kuuza. Kisa hiki kimo katika Sunan ya Abu Daud. Tirmidhi amekitaja kwa ufupi na kukiita hasan, ingawa wapo waliosema sanadi yake ina udhaifu. Kwa vyovyote, wanazuoni wamejadili mnada kwa kukitazama kisa hiki, na ni vizuri tukijua kwamba kunadi kitu ili kumwinua mtu si jambo geni kwetu.

Turudi kwa wachoraji, maana habari yao haikuishia Aprili 2020. Oktoba 2022 Twitter iliuzwa kwa dola bilioni 44, na Julai 2023 ikapewa jina jipya, X. Taratibu zikabadilika, watu wengi wakahama, na mchoraji aliyekuwa na wafuasi laki moja akagundua kwamba hawezi kuondoka hata na mmoja wao. Hana namba zao wala anwani zao. Wafuasi ni wa kampuni. Yeye alikuwa mpangaji tu.

Wapo walioanza kuliona hilo mapema. Mwaka 2021 waandishi kadhaa wa komiki walihamishia kazi zao kwenye barua za kutuma kwa barua pepe kupitia Substack. Mmoja wao ni Saladin Ahmed, Mmarekani wa asili ya Kiarabu aliyezaliwa Detroit, ambaye pia aliwahi kuandika visa vya Ms. Marvel, yule binti Mwislamu wa New Jersey aitwaye Kamala Khan. Substack nayo ni kampuni, tusidanganyane. Tofauti ni kwamba mwandishi anaweza kuipakua orodha ya anwani za wasomaji wake na kwenda nayo kwingine siku mambo yakiharibika.

Wengine walikimbilia mahali pengine wakajifunza somo la pili. Katikati ya 2024, Meta ilipotangaza kwamba machapisho ya hadharani ya Instagram yatatumika kufundishia akili mnemba, wachoraji walihamia kwa kishindo kwenye mtandao mdogo uitwao Cara, ulioanzishwa na mpiga picha Jingna Zhang. Ndani ya wiki moja hivi watumiaji walitoka kama 40,000 wakazidi 600,000. Kisha ikaja bili ya kampuni inayotunza tovuti: zaidi ya dola 96,000. Nyumba iliyojengwa na wenyewe, kwa ajili ya wenyewe, nayo ina bili. Nawaambia hili wale wanaosema kila mkutano kwamba jumuiya itengeneze programu yake ya simu. Ni nani atakayelipia mwaka wa tatu, baada ya fundi wetu kuhitimu?

Hapa Uganda hatuhitaji kwenda Marekani kujua kwamba mtandao ni nyumba ya kupanga. Julai 2018 tuliwekewa kodi ya shilingi 200 kwa siku ili kuingia WhatsApp, Facebook na Twitter. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifungwa, na miaka ikapita watu wakiingia kwa VPN. Jumuiya iliyokuwa na ukurasa wa Facebook peke yake ilibaki na ukurasa ambao wanachama wake hawauoni.

Na bado chombo hicho kikitumiwa kwa kazi moja iliyo wazi kinafaa sana. Aprili 2023 mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo, anayechora katika gazeti la The Observer na kufundisha chuoni Makerere, aliwaalika wakazi wa Kampala waweke picha za mashimo ya barabarani kwenye Twitter, akayaita maonyesho. Watu waliitikia kwa maelfu, magazeti yakaichukua habari, na Rais akaagiza zitolewe shilingi bilioni 6 za kuziba mashimo. Kilichoonyeshwa kilikuwa shimo, na shimo halina aibu ya kuonwa. Baadaye yakaja maonyesho ya hospitali, na hapo jambo likawa gumu zaidi, kwa sababu kitandani kuna mgonjwa. Naamini katika huduma za afya inafaa kupiga picha dari linalovuja na kumwacha mgonjwa nje ya picha. Najua wenzangu wa kitivo cha habari wananipinga, na hoja yao kwamba picha isiyo na mtu haiwagusi wakubwa si ya kupuuzwa.

Kwa upande wetu, nimependekeza mambo machache kwa kamati ya ustawi. Tuwe na daftari la wanachama na wahitimu, lenye namba za simu na barua pepe kwa idhini yao, nakala moja ikae kwa katibu na nyingine ofisini kwa imamu wa chuo, na likabidhiwe kwa kusainiana kila uongozi unapobadilika. Maombi ya ada yapokelewe na watu watatu, akiwemo dada mmoja kwa ajili ya akina dada, na yasitoke kwao. Pesa ziende moja kwa moja kwenye akaunti ya jumuiya, si kwenye simu ya mtu hata akiwa mwaminifu namna gani. Kikundi cha WhatsApp kibaki cha kutangaza tu.

Na kabla ya siku ya mwisho ya kujiandikisha, tufanye mnada. Tunao wanaoandika khati nzuri za Kiarabu, tunao washonaji wa kanzu na majuba, na kuna kaka wa uhandisi anayetengeneza simu zilizokufa. Dada wawili wa takwimu wako tayari kutoa saa sita za kuwafundisha wa mwaka wa kwanza. Jambo la kuchunga ni najshi, yaani mtu kupandisha dau bila nia ya kununua ili kumchochea mwingine. Imekatazwa, na kwenye mtandao ni rahisi kuifanya kwa jina la bandia. Kwa hiyo dau litapokelewa kwa majina yaliyomo kwenye daftari tu.

Vitu kumi na moja vimeshaahidiwa hadi naandika. Tumekubaliana karibu kila kitu isipokuwa dau la kuanzia la zile saa sita za takwimu: mweka hazina anataka shilingi 30,000, mimi nasema tuanze na 10,000, maana wanaozihitaji zaidi ni wale wale wasio na pesa. Mwenye maoni amwone katibu wa ustawi baada ya swala ya Ijumaa.