Njia ya Sindano
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mfarishi una tabaka tatu: kitambaa cha juu, pamba katikati, na kitambaa cha chini. Cherehani ya kompyuta huzishona pamoja kwa nakshi, lakini msomaji asidhani kuwa yatosha kuipa picha. Cherehani yataka mstari, tena yataka kujua pa kuanzia na pa kuishia.

Basi mchoraji hodari hutafuta mstari mmoja usiokatika. Kila ukatikapo, mshono hufungwa, uzi hukatwa, na sindano huhamia kwingine. Vifundo hivyo huonekana. Chukua ua la petali tano. Ukichora kila petali mbali na mwenzake, sindano itahama mara nne bure. Petali zote zikianzia na kuishia katikati ya ua, yamaliza kwa safari moja. (Jaribuni kwa kalamu bila kuiinua, jometri ni rahisi zaidi!)

Nakshi ya safu huanza kushoto, ikaisha kulia kwa kimo kile kile, ili ya pili iungane nayo. Mistari isirundikane mahali pamoja, maana kitambaa hukakamaa, na mfarishi ni wa kujifunikia.

Kisha jaribu kwanza juu ya kitambaa kikuukuu. Kile cha juu huenda kimeungwa vipande vipande kwa miezi, na kufumua huacha matundu.