Sinema chini, usingizi juu: kuzuia sauti ya besimenti kwa pesa kidogo

Nyumba nyingi za kaskazini mwa Marekani na Kanada zina besimenti, na mpenda filamu akishaiona hupanga vitu haraka: projekta huku, sabufa kule, makochi katikati. Usiku wa kwanza tu matatizo yanaanza. Watoto wamelala juu, mama mkwe aliyekuja kutoka Mombasa bado hajazoea saa za huku, na kila mlipuko wa kwenye filamu unamfikia kitandani.

Kabla hujatoa hata dola moja, fahamu kwamba sponji haizuii sauti. Wala trei za mayai, zile tulizoziona zimebandikwa kwenye kuta za studio za mtaani Dar es Salaam na Nairobi, hazizuii. Sponji nzuri hupunguza mwangwi, kwa hiyo maneno ya waigizaji yanasikika vizuri zaidi humo ndani, lakini sauti inayokwenda nje ya chumba haiguswi. Besi inayotetemeka mara 40 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa zaidi ya mita 8. Sponji ya sentimita 5 itaifanya nini? Tena sponji ya bei rahisi inawaka moto kwa kasi ya kutisha. Februari 2003, klabu ya The Station huko West Warwick, Rhode Island, iliungua na watu 100 wakafa. Fataki za jukwaani zilishika sponji iliyobandikwa ukutani kwa sababu majirani walilalamikia kelele. Sponji ya aina hiyo usiiweke nyumbani kwako.

Kinachozuia sauti ni uzito, na kuziba mianya. Anza na mianya, maana ndiyo rahisi kuliko yote. Ukuta ukiwa na uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake, basi hata ungekuwa wa zege, hautapunguza sauti kwa zaidi ya desibeli 20 hivi. Zima taa zote za besimenti usiku, mwache mtu ndani na tochi kali, wewe simama ngazini umefunga mlango. Amulike pembezoni mwa fremu, chini ya mlango, kwenye soketi za umeme na pale mabomba yanapopenya. Kila unapouona mwanga, sauti nayo inapita. Ziba kwa silikoni ya akustika, ile inayobaki laini isipasuke ikikauka. Mirija michache haifilisi mtu.

Kisha utazame mlango. Milango mingi ya ndani ya nyumba hizi ni mitupu katikati; ugonge tu utasikia. Tafuta mlango mzito wa mbao usio na uwazi ndani, hata uliotumika, kwenye maduka yanayouza vifaa vya ujenzi vilivyotolewa kwenye nyumba za watu. Zungushia fremu mpira wa kuziba, na chini weka ukanda wa mpira unaogusa kizingiti.

Kuta za nje ziache. Nyuma yake kuna zege na udongo, hakuna wa kumsumbua. Fedha iliyobaki yote ipande darini.

Dari za vigae vyepesi vinavyoning'inia ni dhaifu sana kwa kazi hii. Ukiweza, ziondoe, ujaze pamba ya mawe au ya kioo katikati ya boriti bila kuishindilia, kisha upigilie bodi za jipsamu za unene wa inchi 5/8, tabaka mbili, maungio ya tabaka la pili yasiangukie kwenye maungio ya la kwanza. Bodi moja ya futi 4 kwa 8 ina uzito wa kilo 30 hivi, kwa hiyo usiibebe peke yako. Kodi mashine ya kuinulia kwa siku moja. Ukiwa na akiba kidogo zaidi, ningechagua vishikizo vya mpira na reli za chuma kuliko tabaka la tatu la jipsamu. Bodi ikining'inia kwenye vishikizo hivyo, mtetemo hauingii moja kwa moja kwenye boriti, na boriti ndizo zinazoupeleka vyumbani. Taa za kuzamisha darini usiziweke, kila moja ni tundu jipya. Chagua za kubandika juu ya bodi.

Lakini usitarajie ukimya. Besi itabaki kidogo, kwa sababu inapita pia kwenye mifereji ya hewa ya moto. Hapo kuna dawa isiyo na gharama: risiva za sinema za nyumbani na televisheni nyingi zina mpangilio wa usiku, unaoshusha milipuko na kupandisha mazungumzo. Uwashe saa tatu usiku, na sabufa ipunguze. Kama nyumba ni ya kupanga, ishia hapo, pamoja na mlango na mianya, kwa ruhusa ya mwenye nyumba.

Usifunge dari kabla hujaona besimenti ikipita kipindi cha mvua au theluji inayoyeyuka. Unyevu ukifichwa nyuma ya jipsamu huzaa ukungu. Nyumba ya zamani ipimwe asbesto kabla hujabomoa dari. Dirisha la dharura usilizibe. Tanuri la gesi linalopasha nyumba joto linahitaji hewa ya kuunguzia, kwa hiyo usizibe matundu ya chumba chake hata kama ndiko kelele inakopitia. Nunua king'ora cha moshi na cha kaboni monoksaidi, ukavijaribu vyote viwili kabla ya filamu ya kwanza.