Chura wa Kihansi kwenye mizani ya faida



Sisi wa Ulaya (ya Kilosa jamani, siyo ile ya kupanda ndege) tukienda Morogoro kwa njia ya Mikumi tunapita katikati ya hifadhi, swala tunawaona dirishani. Ndiyo maana swali hili halituachi: simba akimrarua swala, je, hapo kuna ubaya wa kuzuiwa?

Mwingereza Jeremy Bentham aliandika mwaka 1789 kwamba kuhusu mnyama tusiulize kama anafikiri, tuulize kama anaumia. Hapo tunakubaliana naye: Katekisimu, namba 2418, inakataza kumtesa mnyama bila sababu. Ila kwa Bentham jema ni raha na baya ni maumivu, basi. Ukiifuata hesabu hiyo hadi mwisho, utasema pori lisilo na simba ni bora zaidi. Mtakatifu Thoma wa Akwino alishaona tatizo: ukifuta kila ubaya utafuta na mema mengi, kwani simba haishi bila mawindo.

Sasa twende Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa. Kuna chura wa manjano, hafiki hata sentimita 3, anazaa watoto badala ya kutaga mayai. Duniani kote aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko yale tu. Mwaka 2000 maji yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme, megawati 180. Weka mizani: taa za wodi ya wazazi upande huu, chura upande ule. Chura ameshindwa, tena mapema. Na yule wa mwisho akifa haumii kuliko chura mwingine yeyote, kwa hiyo kwenye hesabu ya maumivu kutoweka kwa aina nzima hakuonekani kabisa! Papa Fransisko, katika Laudato Si' namba 33, anasema viumbe hivyo vina thamani vyenyewe, siyo kwa matumizi yetu tu.

Lakini tusidanganyane. Namba hiyohiyo 2418 inasema pesa ya kupunguza shida za watu isiishie kwa wanyama. Umeme siyo dhambi.

Baadhi ya vyura walipelekwa Marekani kutunzwa. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi, na mitambo inaendelea kuzunguka.

Kwa jumuiya wiki hii: someni Mwanzo 1:20-25. Mungu anaona kuwa ni vyema, na mtu bado hajaumbwa. Vyema kwa nani?