Kufunga Taa za Ziada kwa Rilei: Somo kwa Wenye Magari wa Makwasinyi na Kasigau

Wakazi wa Makwasinyi, Rukanga, Bungule, Jora na vijiji vingine vinavyozunguka Mlima Kasigau hutegemea magari machache kufika Maungu na Voi. Gari linalobeba mazao mchana ndilo hilo hilo linaloitwa usiku mama mjamzito anapohitaji kufikishwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi mjini Voi. Njia ni ya vumbi, haina taa, na inapita katika ushoroba wa wanyama unaounganisha mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Ndovu huvuka wakati wowote, na taa za gari zikiwa chini humulika miguu yake tu.

Ndiyo maana wenye magari wengi hufunga taa za ziada, maarufu kama spotilaiti. Zikifungwa ipasavyo, zina faida. Zikifungwa kiholela, hufifia, huunguza waya, na zinaweza kuteketeza gari ambalo kijiji kizima kinalitegemea.

Kwa nini rilei inahitajika

Swichi ndogo ya dashibodi haikuundwa kubeba umeme mwingi. Taa mbili za halojeni za wati 55 kila moja hutumia wati 110. Ukigawanya 110 kwa volti 12 za betri, unapata zaidi kidogo ya ampea 9. Umeme huo ukipitishwa katika waya mwembamba wa milimita 0.75 za mraba, kutoka kwenye betri hadi dashibodini na kurudi mbele, safari ya kama mita 6, zaidi ya volti 1 hupotea njiani na kugeuka joto. Taa ya halojeni inayopata volti 11 badala ya 12 hupoteza karibu robo ya mwanga wake. Mwenye gari amelipia taa mpya, lakini sehemu ya mwanga inaishia kupasha waya joto.

Rilei ni swichi inayowashwa kwa umeme. Ndani yake mna koili. Umeme kidogo, chini ya robo ya ampea, ukipita humo, koili hugeuka sumaku na kuvuta kipande cha chuma kinachofungua njia kubwa ya umeme. Dereva hubonyeza swichi inayobeba umeme kidogo tu, na umeme mwingi hutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye taa kwa waya mfupi na mnene.

Vifaa vya taa mbili za wati 55

• Rilei ya volti 12 yenye pini nne, ya ampea 30 au 40. Lori la volti 24 lihitaji rilei na taa za volti 24.
• Fyuzi ya ampea 15 na kishikizo chake.
• Waya wa milimita 2.5 za mraba kwa njia kubwa, na wa milimita 0.75 au 1 kwa njia ya swichi.
• Swichi, vichwa vya kubana waya, tepu ya umeme, na bomba la plastiki la kukinga waya.

Hatua za kufunga

1. Waya wa hasi wa betri uondolewe kabla ya kazi yoyote kuanza.

2. Taa zifungwe imara mbele ya gari, bila kuziba njia ya hewa ya rejeta. Rilei ifungwe karibu na betri, mahali pasipofikiwa na maji wala joto la injini, pini zikitazama chini.

3. Pini 30 iungwe na chanya ya betri kupitia fyuzi. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, isizidi sentimita 20. Ikiwekwa mbali, kipande cha waya kilicho kabla yake hakina ulinzi wowote kikichubuka na kugusa bodi.

4. Pini 87 iungwe na chanya ya taa zote mbili. Rilei yenye pini tano huwa pia na pini 87a. Hiyo isitumike, kwani hutoa umeme wakati swichi imezimwa.

5. Hasi ya kila taa iungwe na bodi ya gari mahali palipokwanguliwa rangi na kutu. Pini 85 nayo iungwe na bodi.

6. Pini 86 ipate umeme kupitia swichi ya dashibodi, na swichi hiyo ichukue umeme kutoka kwa waya wa fulu. Hivyo dereva akishusha taa kwa ajili ya gari linalokuja, spotilaiti huzima papo hapo.

7. Kila waya unaopita kwenye tundu la chuma uwekewe mpira, na njia yote ipitishwe ndani ya bomba la plastiki. Mtikiso wa barabara ya vumbi huchubua waya ulio wazi.

Tahadhari: katika baadhi ya magari, hasa ya Kijapani, taa kubwa huwashwa kwa upande wa hasi. Hapo hatua ya 5 na ya 6 hubadilika kuhusu pini 85 na 86. Fundi apime kwa mita kabla ya kukata waya wowote.

Kukagua na kutafuta kosa

Injini ikiwa inanguruma na taa zimewaka, volti za betri na za taa zilinganishwe kwa mita. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna muungano uliolegea au waya mwembamba mno.

Rilei ikilia “tiki” lakini taa zisiwake, zikaguliwe fyuzi, pini 30 na 87, na hasi ya taa. Isipolia kabisa, zikaguliwe swichi na pini 85 na 86. Fyuzi ikikatika, kuna waya unaogusa mahali pasipostahili, au taa zinazotumia umeme kuliko ilivyopangwa. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, kipande cha waya au karatasi ya sigara hakuondoi kosa. Huondoa tu kinga, na moto unaofuata hauna wa kuuzuia.

Kulenga, sheria na wanyama

Gari lisimamishwe mahali tambarare, mita 7 hivi kutoka ukutani. Kiini cha mwanga kiangukie chini kidogo ya kimo cha taa zenyewe. Taa zilizoelekezwa juu humulika matawi na kumpofusha dereva anayekuja.

Taa za magari husimamiwa na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, pamoja na kanuni zake. Mwenye gari athibitishe na NTSA taa zinazokubalika kabla ya kununua, hasa kwa gari la abiria. Gari likifika barabara kuu ya Mombasa kuelekea Nairobi pale Maungu, spotilaiti zizimwe, kwani magari yanayokuja ni mengi.

Ndovu akionekana mbele, dereva asimame mbali, azime spotilaiti, asipige honi wala kumwashia na kumzimia taa, na amwachie njia. Mara nyingi aliyevuka kwanza hufuatwa na wengine.

Gari la kilomita 60 kwa saa husafiri karibu mita 17 kila sekunde, na breki kwenye vumbi hushika polepole kuliko kwenye lami. Taa nzuri humwezesha dereva kuona mapema, lakini hazifupishi mwendo wa gari kusimama. Anayefunga spotilaiti kisha akaongeza kasi amejirudisha pale alipokuwa.